Taa Iliyozimwa kwa Ajili ya Nyota

Ilianza na harufu ya utambi. Haikuwa harufu mbaya. Ni ile tu ya koroboi iliyozimwa sasa hivi, moshi wa mafuta ya taa na uzi ulioungua. Najwa aliisikia akimtandikia bintiye kitanda baada ya isha. Akainama chini ya kitanda, akafungua kabati, akanusa mapazia na hata nywele za mtoto. Nyumba ilikuwa na stima kila chumba. Koroboi waliyokuwa nayo ilikuwa moja, ilikaa nje ukutani, na tangu aolewe humo hakuwahi kuiona ikivuka mlango.

"Hanif, hebu kuja unuse kitu," akaita.

Mumewe akaja, akanusa, akasema yeye hasikii chochote. Alikuwa ameisikia vizuri sana, na alijua inakotoka, kwa sababu koroboi hiyo aliizima yeye mwenyewe kwa vidole viwili, muda mfupi tu uliopita, na hakutaka mtu yeyote ndani ya nyumba ajue.

"Labda ni hao wa plot ya pili na stovu yao," akasema, akarudi uani kwenye kamera yake.

Hanif hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Mchana alikuwa na studio ndogo mjini Nakuru, anapiga picha za pasipoti. Kaa hapo, inua kidevu, usicheke, umemaliza. Ukipiga nyuso za namna hiyo mwaka baada ya mwaka unaanza kutamani kupiga kitu ambacho hakuna aliyekuagiza. Chake kikawa nebula, lile wingu la gesi na vumbi lililo karibu na zile nyota tatu zilizojipanga mstari. Kwa macho ni ukungu kidogo tu, lakini kamera ikilitazama kwa muda mrefu linafunguka rangi ya waridi na zambarau, na Hanif akiliona kwenye simu za wenzake alikuwa anakosa usingizi.

Sasa, Bondeni, mtaa wao, si mahali pa kupigia picha ya nebula. Mulika mwizi, ile taa kubwa ya mtaa, inamwaga mwanga uani mpaka unaweza kuchambua mchele usiku. Kwenye kundi lao la WhatsApp la wapenda nyota kulikuwa na mwalimu mmoja wa Olenguruone, Chepkurui, ambaye kwao giza ni la bure, na picha zake zilikuwa safi kupindukia. Hanif alipotuma jaribio lake la kwanza, rangi ya chungwa tupu, mwalimu akamjibu kwa sauti, huku anacheka: "Bro, hiyo umepiga ni mulika mwizi. Beba kamera ukuje huku kwetu. Nyumba iko, chai iko."

Angeenda, yote haya yasingetokea. Lakini kundi zima lilicheka, naye akaapa ataitoa nebula palepale Bondeni, uani kwao. Akatundika turubai kuzuia mulika mwizi. Akatafuta kichujio cha lenzi. Akaazima mtambo mdogo unaozungusha kamera polepole ikifuata nyota. Mwanga uliobaki kumharibia kazi ukawa mmoja tu, na huo ulikuwa wa nyumbani kwake.

Ile koroboi ilikaa kwenye kishubaka, kijishimo kilichochongwa katika ukuta wa nyuma, karibu na tangi la maji. Aliyekichonga ni babake Nyanya, bibi yake Hanif. Alikuja Nakuru kutoka Pwani kufanya kazi ya reli, akapewa kiwanja kwa urahisi wa kushangaza, na alipohamia ndipo alipojua sababu: kilikuwa na mwenyewe, asiyeonekana, aliyewapapasa watu nyuso walipolala. Mzee hakuwa na pa kwenda. Basi wakapatana. Upande wa huku wa taa ni wa watu, upande wa huko ni wake, na taa iwashwe kila magharibi ili kila mmoja auone mpaka. Nyumbani hawakumwita jini. Walimwita Jirani, kwa heshima, na miaka yote hiyo Jirani alikaa kwake.

Kuwasha kulikuwa na maneno yake. Anayewasha anasema kwa sauti, "Taa iko," na mkubwa wa nyumba anaitikia kutoka ndani, "Na sisi tuko." Nyanya, ambaye mtaani walimwita Bi Kuluthum, aliiwasha mwenyewe mpaka presha ya macho ilipommalizia kuona. Ndipo akamwachia kazi hiyo Hanif, mjukuu aliyemlea tangu akiwa mchanga. Sasa yeye hukaa kitandani na mlango wazi, anasikia kiberiti, anasikia maneno, anaitikia. Njia nyingine ya kujua hana.

Mwanzoni Hanif aliwasha kweli, akasema maneno, akangoja Nyanya aitikie, kisha akauzima utambi taratibu. Alijiambia huo si uongo, kwani wakati anasema taa iko, si ilikuwa iko? Najwa alipogundua, akamwambia kwamba Nyanya amekubali taa ipumzike kwa sababu ya picha. Baadaye hata moto wenyewe ukawa unamchelewesha, akawa anapiga kiberiti tu ili kisikike. Angeweza kusimamisha kipande cha bati mbele ya kishubaka, taa ikawaka na lenzi isione kitu. Bati lenyewe lilikuwepo, limeegemea tangi. Lakini alikuwa na haraka, na kila jioni alijiambia kesho.

Baada ya harufu ikaja sauti. Ilianzia ukuta wa nyuma, kiganja kikavu kwenye plasta, papasa, kikanyamaza, papasa tena. Jioni moja kilifika kwenye tangi, nyingine kikafika dirisha la jikoni. Aliyekisikia kikiwa ndani alikuwa Nyanya, wakati wa chakula.

"Nani huyo koridoni?" akauliza.

"Sote tuko hapa, Nyanya," Najwa akamjibu.

"Mbona namsikia mtu anatembea kama mimi?"

Nyanya alitembea nyumba nzima kwa kuweka kiganja ukutani. Wakageukia mlango na vijiko mikononi. Kiganja kilipita nje ya mlango, hakikuwa na haraka, kikaelekea chumba cha mtoto. Hanif akainuka kwenda kuwasha taa ya koridoni, akakuta inawaka tangu mwanzo.

Asubuhi yake alikuwa akimfunga Ruqaiya kamba za viatu vya shule, mtoto akasema, bila hofu yoyote, "Baba, kuna mtu anauliza taa iko wapi."

"Mtu gani?"

"Wa kwa ukuta. Anasema ulisema iko, na yeye anaitafuta haioni."

Hanif akageuka kuangalia kama Najwa yuko karibu. "Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia sijui. Baba ndiye anajua."

"Hiyo ni ndoto tu. Usimwambie mama, sawa?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Hanif akaona aibu iliyomfanya ainame tena kwenye kamba ambazo alikwisha kuzifunga. Bintiye alikuwa darasa la kwanza, bado anahesabu kwa vidole, na babake ndiye anayemfundisha kuficha mambo.

Hata hivyo aliendelea. Picha ya nebula haipigwi mara moja. Zinapigwa nyingi, jioni baada ya jioni, kisha kompyuta inazipanga moja juu ya nyingine. Kinachopita, ndege au popo au setilaiti, kinafutwa. Ukuta na waya wa nguo vikiingia vinavurugika, maana haviendi na nyota. Kinachobaki ni kile kilichotulia angani. Hanif alipozipanga pale studio, ile rangi ya waridi ilianza kutoka, nyororo, nzuri kuliko alivyotarajia, na katikati yake palikuwa na doa jeusi. Akasafisha lenzi. Siku iliyofuata doa lilikuwa kubwa zaidi na lilikuwa na mabega.

Alipaswa kuacha hapo. Alifunga kompyuta, akamwambia mteja ainue kidevu.

Wiki hiyo mwalimu wa darasa akampigia Najwa simu kwamba Ruqaiya anashika kitabu karibu na pua. Nyumbani mtoto akamwaga chai akiutafuta mdomo wa kikombe. Najwa alipombana, akasema yule mtu humgusa macho. "Ananishika hivi," akasema, akiweka vidole kwenye kope zake mwenyewe. "Anasema hapa kuna mwanga kidogo."

Siku hiyohiyo Najwa akamwita Mwalimu Darweshi wa madrasa, mtu mnene mwenye sauti nzito, aliyekuwa akisomea wagonjwa wa mtaa mzima. Alimsomea mtoto, akasoma kwenye maji, akayanyunyiza pembe zote za nyumba. Alipofika ukuta wa koridoni akasimama, akaweka sikio, akasikiliza mpaka jasho likamtoka kwenye kofia. Akarudi sebuleni akakaa.

"Huyu hatoki kwa kisomo," akasema kwa sauti ya chini. "Hajavunja mlango. Kuna mtu wa humu ndani amemwambia kitu, na yeye amekuja kukitafuta. Mimi hizi taratibu zenu za ukutani sijawahi kuzipenda, Bi Kuluthum, unajua. Lakini nakuuliza. Ile taa mnawasha?"

"Hanif anawasha," Nyanya akajibu. "Kila magharibi. Namsikia."

"Una hakika?"

"Mwalimu, huyu nimemlea kwa mikono hii. Hajawahi kuniangusha."

Mwalimu akamtazama Hanif. Najwa pia akamtazama, kwa kuwa yeye alijua taa imepumzika, aliambiwa hivyo, na sasa alikuwa akijiuliza mbona Nyanya hajui. Hanif alikuwa na nafasi yote duniani. Maneno yalikuwa machache tu, na mtoto wake alikuwa hapo kwenye kochi akipapasa ua la kitambaa kwa kidole. Lakini kusema mbele ya Nyanya, baada ya vile alivyomsifu, kulimshinda. Akatazama zulia. Akasema, "Nawasha."

Moyoni aliamua kwamba jioni hiyo atawasha kweli, na mambo yataisha bila mtu kujua. Hivyo ndivyo alivyopanga. Ila magharibi ilipoingia upepo ukafagia vumbi lote, anga la Bondeni likawa safi kuliko siku zote za msimu huo, na kundini wenzake wakaanza kuandikiana kwamba mvua ikikaribia zile nyota hazitaonekana tena vizuri mpaka mwaka ujao. Hanif akasimama mbele ya kishubaka na kiberiti mfukoni. Leo tu, akajiambia. Akasema, "Taa iko," bila hata kukitoa.

"Na sisi tuko," Nyanya akaitikia kwa mazoea, bila kusikia kiberiti.

Kamera ilikuwa inafanya kazi baada ya isha, na yeye amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akijaribu kutofikiria kitu, aliposikia kile kiganja kwenye plasta nyuma yake. Papasa. Hakugeuka. Papasa, karibu zaidi, chini zaidi, kikiwa kidogo kuliko siku zote, na ule udogo wake ndio uliomfanya ageuke. Alikuwa Ruqaiya, amesimama mlangoni kwa nguo za kulalia, mkono mmoja ukutani na mwingine mbele yake hewani. Nyuma yake jikoni taa inawaka. Juu yake mulika mwizi imemwagika usoni mwake wote, maana pale mlangoni turubai halikufika.

"Baba," akasema, "stima imepotea?"

Walimkimbiza hospitali. Daktari wa zamu akamulika macho kwa tochi, akayapapasa, akasema kwa upole kwamba haoni shida yoyote, macho ni mazima, warudi kwa mtaalamu asubuhi. Njiani mtoto alikaa mapajani mwa Najwa akiuliza kila baada ya muda kama wamefika kwenye taa.

Waliporudi, kompyuta ndogo ambayo Hanif aliiacha jikoni, imeunganishwa na kamera, ilikuwa imemaliza kuzipanga picha yenyewe. Hanif hakutaka kutazama, akatazama. Nebula ilikuwa imetoka yote, mabawa yake mawili ya waridi yamefunguka, picha ambayo Olenguruone yote ingemwonea wivu. Katikati yake alikuwa ameinama mtu mweusi, kingo zake zimekatika safi, maana yake hakuwa ukutani wala kwenye waya wa nguo, alikuwa amekwenda na nyota jioni zote hizo bila kukosa hata moja, uso ameugeuzia lenzi. Mahali pa macho palikuwa na mianga miwili midogo ya hudhurungi, inayong'aa kwa unyevu, na Hanif aliijua, kwa sababu ndiyo iliyomtazama asubuhi ile akimfunga Ruqaiya kamba za viatu.

Akaenda chumbani kwa Nyanya, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nyanya, taa sijawasha."

"Leo?"

"Siku nyingi."

"Lakini nimekusikia."

"Nilikuwa nasema tu. Nyanya, nilikuwa nasema tu."

Mkono wa Nyanya, uliokuwa umeanza kumtafuta kichwani kama desturi, ukasimama hewani, ukarudi kwenye shuka.

"Na mimi nilikuwa naitikia," akasema. "Kila jioni, kwenye giza, nilikuwa namwambia tuko."

Hanif akaanza kulia. Hakuwa amelifikiria hilo hata mara moja.

"Usinililie mimi," Nyanya akasema. "Nipe mkono. Kuna mwingine uliyemdanganya."

Wakatoka uani. Hanif akaliacha giza la turubai vilevile lilivyo, kwa sababu Nyanya alimkataza kugusa kitu. Alisimama mbele ya kishubaka, akasema taa haiko, alisema iko na haiko, mtoto hajui lolote, Nyanya hajui lolote, ni yeye. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha ile harufu ya utambi ikamjia usoni, na pamoja nayo vidole, vikavu, vingi kuliko vya mkono mmoja, vikaanzia kidevuni, vikapanda mpaka mdomoni pale yalipotokea yale maneno, vikatulia hapo muda mrefu vikingoja kama kuna neno jingine lililobaki nyuma ya meno, vikapita puani, vikafika kwenye kope, vikazifunga, vikaanza kuzibonyeza polepole mpaka akaona cheche nyekundu na maji yakamtiririka mashavuni, na muda wote huo hakukimbia, kwa kuwa Nyanya alikuwa amemshika mkono, na kwa kuwa alitaka, kwa moyo wake wote alitaka, yachukuliwe macho yake na yule mdogo aachwe. Vidole vikakaa. Vikapima. Vikamwacha na vyote alivyonavyo, na alijua haikuwa huruma, bali alihitajika kuwasha.

"Washa sasa," Nyanya akasema.

Kiberiti kilimvunjikia mkononi mara kadhaa kabla hakijashika. Utambi ukawaka. Ndani ya nyumba wakamsikia Ruqaiya akilalamika kwamba taa inamuumiza macho, kisha Najwa akilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Taa iko," Hanif akasema.

Nyanya hakuitikia. Aliuachia mkono wa Hanif, akainua wa kwake, akatafuta kishubaka, akapeleka vidole mbele mpaka moto ukaviunguza. Hapo ndipo akasema, "Na sisi tuko."

Ruqaiya anaona vizuri, mtaalamu alithibitisha, na amesahau mengi. Mtambo ulirudishwa kwa mwenyewe, picha ikafutwa, na Chepkurui alipouliza kundini nebula ya Bondeni imeishia wapi, Hanif alijitoa kundini bila kujibu. Najwa anazungumza naye habari za nyumba. Nyanya hajabadilika: anamtania, anamwekea mkate wa sinia, anamwombea dua. Ila magharibi ikifika hakai tena kitandani. Anakuja mpaka ukutani na kiganja chake, anasimama kando yake, anangoja aseme, kisha anapeleka vidole. Ncha zake zimekuwa na malengelenge juu ya malengelenge. Najwa humpaka vaselini kila asubuhi.

"Nyanya, iko, wallahi iko," Hanif alimwambia jioni moja, akijaribu kuuzuia mkono.

"Sijasema haiko, mwanangu," Nyanya akamjibu kwa upole, akauondoa mkono wake, akagusa.

Akiondoa vidole, moto husimama wima. Halafu, kabla hawajageuka kuingia ndani, huinama tena, polepole, kama umeguswa kutoka upande wa huko, na mkono hauonekani. Hanif husimama hapo akingoja mpaka wote wawili waridhike.